"Mtanizika tu, mtapumzika": nimuulize mdogo wangu au ninyamaze?

SWALI: Naishi Morogoro mjini. Mdogo wetu wa kiume, miaka 28, yuko Kilosa. Anaendesha bodaboda na ana shamba dogo la nyanya. Tangu mke wake aondoke na mtoto amebadilika. Anadaiwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, na ile ya kwenye simu, hali chakula vizuri, halali usiku, anakunywa pombe. Mara mbili ametuambia, "Mtanizika tu, mtapumzika." Wiki iliyopita alimpa rafiki yake redio na koti lake la mvua, akasema hana kazi navyo tena. Mama anasema tumwombee. Kaka yetu mkubwa anasema anatutisha ili tumlipie madeni. Mimi nataka kumuuliza kama anafikiria kujiua, lakini naogopa nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Na jirani anasema mtu akikiri mambo hayo hospitalini anaishia polisi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Muulize. Muulize leo, au kesho kama leo huwezi kumfikia. Usisubiri mwisho wa mwezi wala kikao cha ukoo. Yote nitakayoandika hapa chini yanahusu namna ya kuuliza na cha kufanya akishakujibu.

Hofu yako ya kumtia wazo inawashika karibu watu wote, hata wauguzi wapya wodini. Watafiti wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, kwa wanafunzi, kwa wagonjwa na kwa watu wa kawaida mitaani, na hawakukuta kwamba kuulizwa kunaongeza mawazo ya kujiua. Wengine waliokuwa nayo tayari walipata nafuu baada ya kuulizwa. Mwenye wazo hili analala nalo na kuamka nalo. Hatalisikia kwako kwa mara ya kwanza. Atakachosikia kwa mara ya kwanza ni kwamba yupo mtu wa nyumbani anayeweza kulitaja bila kukimbia.

Na ukitazama vizuri, mdogo wako ameshaanza kuwaambia. Amesema mara mbili kwa mdomo, halafu akasema kwa koti. Redio mtu anaweza kuigawa kwa sababu nyingi, lakini dereva wa bodaboda hagawi koti lake la mvua akisema hana kazi nalo tena kama bado anajiona barabarani msimu ujao. Ulivyoliona hilo na kulishika moyoni, uliona sawa. Kugawa vitu, kuaga watu kijuujuu, kuongea kana kwamba yeye ni mzigo kwa familia, kukosa usingizi siku baada ya siku, kuongeza pombe, na haya yote yakiwa yamefuatia kuvunjika kwa ndoa na madeni yenye aibu: sisi tunaohudumia watu wenye mawazo ya kujiua tukiyakuta kwa mtu mmoja hatusubiri. Kuna dalili nyingine ambayo familia nyingi huisoma kinyume. Mtu aliyekuwa amevurugika kwa wiki kadhaa akaamka ghafla mtulivu, mchangamfu, asiyelalamika tena, ndugu hushukuru kwamba amepona. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine utulivu ule unatokana na uamuzi alioufikia. Mkiona hivyo, msimwondolee macho. Huo ndio wakati wa kumuuliza tena.

Kaka yako mkubwa mwambie hivi kutoka kwangu. Hata kama mdogo wenu angekuwa anatumia maneno hayo ili asaidiwe madeni, mtu anayefika mahali pa kutaja kaburi lake ili asikilizwe yuko kwenye shida inayohitaji msaada. Wengi wanaokufa kwa kujiua walikuwa wamemwambia mtu kabla, kwa maneno au kwa vitendo. Ile kauli ya kwamba anayesema hafanyi imewazika watu wengi, na ningependa isitamkwe tena kwenye nyumba yenu.

Wala msidhani familia yenu imepatwa na balaa la peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walikufa kwa kujiua duniani, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa walio kati ya miaka 15 na 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Wanaume wanakufa zaidi ya wanawake, na nadhani wewe na mimi tunajua mvulana wa kwetu anafundishwa nini tangu anapoanguka mara ya kwanza na kutaka kulia.

Sasa namna ya kumuuliza. Nenda Kilosa mwenyewe kama unaweza. Simu inatosha ukikosa nauli, ila ana kwa ana ni bora. Usimwite sebuleni mbele ya mama na wajomba. Wanaume wengi huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine: akiosha pikipiki jioni, mkipalilia nyanya pamoja, mkitembea kwenda dukani. Asiwe amekunywa. Zima simu yako, au angalau iweke mbali. Anza na ulichokiona, usianze na hukumu. Unaweza kusema: "Mdogo wangu, nimekuona hulali, huli. Umesema tutakuzika tupumzike, na juzi umempa mwenzako koti lako. Watu wakifika hapo, wakati mwingine wanafikiria kujiua. Wewe unafikiria kujiua?"

Litaje neno lenyewe. Usimuulize "Huna mawazo mabaya, sivyo?", kwa sababu swali la namna hiyo limeshamwonyesha jibu unalolitaka, naye atakupa hilo hilo ili usiumie. Usimuulize kwa ukali pia, kama mzazi anayemhoji mtoto kuhusu hela iliyopotea. Sauti yako ya kawaida, ile mnayoongelea mambo ya shamba, inatosha.

Halafu nyamaza. Hapo ndipo pagumu. Kimya kikirefuka kidogo tutataka kukijaza na ushauri: "Fikiria mtoto wako," "Wenzako wana shida kuliko wewe," "Jikaze, wewe mwanaume," "Hiyo ni dhambi kubwa." Najua yanatoka kwenye mapenzi. Lakini mtu aliyezama hivyo ameshamfikiria mtoto wake mara nyingi sana, na ameshajiaminisha kwamba mtoto atakuwa salama zaidi bila yeye. Ukimtajia dhambi au uanaume unamwongezea aibu juu ya aibu, na mdomo unafungwa. Mwache aseme. Akisema, "Nimechoka, dada," usikimbilie kumwambia asichoke. Mwambie, "Nieleze umechokaje." Akilia, mwache alie, ukiwa hapo hapo. Na ukiona machozi yako yanatoka, hayaharibu kitu.

Akikubali kwamba amefikiria, endelea kuuliza kwa utulivu ule ule: amefikiria kufanya hivyo kwa njia gani, amefikiria lini, ameshaandaa chochote, amewahi kujaribu zamani bila ninyi kujua. Maswali haya yanatisha, na ndiyo hasa daktari atakayomuuliza. Mtu anayesema "Wakati mwingine natamani nisiamke" anahitaji msaada wiki hii. Mtu mwenye njia, siku na vitu tayari anahitaji msaada sasa hivi, kabla jua halijazama. Na aliyewahi kujaribu huko nyuma yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, hata kama ilikuwa zamani na mkaambiwa yaliisha.

Usimwahidi siri. Atakuomba, na utataka kukubali ili asikuchukie. Mwambie ukweli: "Sitaitangaza mtaani, lakini siwezi kulibeba hili peke yangu, kwa sababu nakutaka uishi. Tuchague pamoja nani mwingine ajue." Kumpa nafasi ya kuchagua kunamrudishia kidogo ile hali ya kuwa mtu mwenye maamuzi, ambayo madeni na kuachwa vimemnyang'anya.

Akikujibu hapana, usijione umemdhalilisha. Mwambie umefurahi kusikia hivyo, kwamba mlango uko wazi saa yoyote, na kwamba utamuuliza tena. Kisha muulize tena baada ya siku chache kweli. Watu hujaribu kwanza kama swali ni la dhati.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi za wakulima hazilifikirii kabisa, nami naliona lina uzito kuliko mawaidha yote. Ana shamba la nyanya. Maana yake nyumbani kwake, pengine chini ya kitanda au nyuma ya mlango, kuna viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu shambani. Viondoe. Usivifiche kwenye chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo. Vipelekwe kwa mtu mwingine, viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo asiwe nao yeye. Siku ya kupulizia, jirani au ndugu aje na kiasi cha siku hiyo, wapulizie pamoja, kinachobaki kirudi. Fanya vivyo hivyo kwa dawa za hospitali zilizobaki ndani, na kwa kitu chochote ambacho yeye mwenyewe atakutajia. Usimfanyie kwa kificho. Mwambie wazi: "Naviondoa mpaka hali yako itulie."

Watu huniambia aliyeamua atatafuta njia nyingine. Sivyo inavyokwenda kwa wengi. Msukumo wa kujiua hupanda ukashuka, mara nyingi ndani ya muda mfupi, na kama katika muda huo kitu cha hatari hakiko karibu, mtu huvuka akiwa hai. Walio wengi kati ya waliojaribu na kunusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Ushahidi mkubwa zaidi ninaoujua unatoka Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi. Huko miaka ya 1990 vifo vya kujiua vilikuwa miongoni mwa vingi zaidi duniani, na vingi vilitokana na viuatilifu. Serikali ikapiga marufuku, kundi baada ya kundi, vile vyenye sumu kali zaidi. Kati ya 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70, na inakadiriwa watu 93,000 waliokolewa. Watu wa Sri Lanka hawakuacha kuwa na huzuni, madeni wala ndoa zinazovunjika. Kilichopungua ni sumu iliyo karibu na mkono wakati wa saa mbaya. Hicho kilichofanywa na serikali nzima, wewe unaweza kukifanya kwa nyumba moja ya Kilosa kwa kufuli na sanduku.

Pombe nayo iangalie. Huzuni ya kawaida ikichanganywa na pombe hupoteza breki. Sikutumi ukagombane naye juu ya ulevi wake wote wiki hii. Mwombe tu siku hizi asinywe, na asikae peke yake usiku. Kama amekwambia ana mpango, asibaki peke yake hata kidogo, mchana wala usiku, mpaka afikishwe hospitali. Pangeni zamu: wewe, kaka, yule rafiki aliyepewa koti, mmoja wa kijiweni kwake anayemwamini. Wenzake wa bodaboda mara nyingi wanajua hali yake kuliko ninyi wa damu. Usiwadharau.

Hospitali. Nenda naye kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, na uliza kliniki ya afya ya akili. Hospitali za mikoa zina wahudumu wa fani hii, na juu yao ipo Mirembe pale Dodoma na Muhimbili Dar es Salaam. Lakini usiruke ngazi kwa kudhani kwamba bila Mirembe hakuna msaada. Watu wengi hutibiwa wakitokea nyumbani. Jambo la kuzingatia ni mtakachosema dirishani. Mara nyingi sana mgonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali isiyoisha, hufika akasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, hana usingizi. Anapimwa malaria, hana, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani na hatari ile ile, pamoja na vidonge zaidi. Kwa hiyo wewe uliyemsindikiza sema kwa maneno kamili: "Huyu ni mdogo wangu. Ameniambia anataka kujiua. Halali usiku, hali chakula, anakunywa pombe." Akiwa anaona aibu, mwombe ruhusa uyaseme wewe. Ukiona hamsikilizwi, omba kuonana na mganga wa zamu au muuguzi kiongozi, na usiondoke.

Akianzishiwa dawa, mjue mapema kwamba za sonona hazifanyi kazi kwa siku mbili. Huchukua wiki kadhaa, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazisaidii. Vidonge vyenyewe avitunze ndugu, ampe vya siku, visiachwe vyote mikononi mwake. Na mkumbuke kwamba mtu aliyelazwa kwa sababu hii anaporudi nyumbani, wiki za mwanzo ni za hatari kubwa. Familia hushusha pumzi siku ya kuruhusiwa, ilhali hapo ndipo uangalizi unapohitajika zaidi.

Kuhusu polisi. Jirani yako hasemi uongo mtupu, ndiyo maana hofu hii imeenea. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini kuwaza si kujaribu. Mtu anayemwambia muuguzi "nina mawazo ya kujiua" anaeleza ugonjwa wake, kama anavyoeleza mwenye homa, na hakuna kosa alilotenda. Mpeleke bila hofu. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba amejidhuru, msipoteze hata dakika mkijadili polisi wala fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe. Mkimbizeni hospitali, mwambieni mhudumu ni dharura, karatasi zitafuata. Wapo watu waliokufa nyumbani kwa sababu ndugu walikuwa wanaogopa kesi, na hilo ndilo linalonifanya niseme waziwazi kwamba sheria hii haimlindi mtu yeyote. Wenzetu wa Kenya walikuwa nayo pia, kifungu cha 226, chenye adhabu ya hadi miaka miwili jela. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waliopeleka shauri hilo ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Natamani sana na sisi tufike huko.

Mama yako anaposema tuombe, usimpinge. Imani imewabakiza hai watu wengi niliowahudumia, na mama anayeomba ni mama ambaye hajakata tamaa. Mwombe tu aongeze jambo moja: aende naye kliniki, au amkubalie aende. Kama kuna mchungaji, padri au shehe ambaye mdogo wako anamheshimu, zungumza naye kwanza wewe, ujue atasema nini. Kiongozi wa dini anayekaa na kijana, akamsikiliza na kumsindikiza hospitali, anafanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi. Anayemwambia aache dawa ili imani yake ionekane, mwepusheni naye. Na kama ukoo utaanza kusema amerogwa na mke aliyeondoka, usibishane nao juu ya hilo sasa. Mtapoteza wiki nzima, na wiki ndiyo msiyo nayo.

Madeni nayo ni sehemu ya tiba, usiyaache nje. Sikwambii muyalipe yote. Kaeni na daftari, aandike anadaiwa na nani, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Kichwani mwake deni halina ukubwa; kwenye karatasi linakuwa na tarakimu, na tarakimu zinaweza kupangwa. Mara nyingi kinachomuumiza mtu zaidi ni aibu ya wakopeshaji wanaotuma ujumbe kwa watu wote waliomo kwenye simu yake. Mwambieni kwamba ninyi mmeshajua, hivyo hakuna tena cha kuficha kwenu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Angalieni kama waliomkopesha wamo, na yanayohusu vitisho na kudhalilishwa yaripotiwe, muende naye. Mmoja wenu apokee simu za wadai kwa majuma machache. Hata hiyo tu humpa mtu usingizi.

Akishatulia kidogo, kaeni chini mwandike karatasi ya usalama. Wataalamu wengi duniani huitumia, na haihitaji shahada. Iwe kwa maneno yake mwenyewe na mwandiko wake. Kwanza, anajuaje kwamba saa mbaya inakuja. Mmoja anaweza kuandika, "Nikikaa gizani bila kuwasha taa na kuanza kuangalia picha za mtoto." Kisha anachoweza kufanya peke yake ili saa ipite: kuoga maji baridi, kuwasha pikipiki na kwenda kijiweni penye watu, kusikiliza mpira. Kisha watu wa kukaa nao tu, hata bila kuwaeleza. Kisha watu wa kuwaeleza, majina na namba, angalau watatu, kwa sababu simu ya mmoja itakuwa imezimwa. Kisha kliniki na namba yake. Mwisho, nini kimeondolewa nyumbani na kiko kwa nani. Aipige picha iwe kwenye simu, karatasi yenyewe akae nayo kwenye pochi pamoja na leseni. Karatasi mliyoandika ninyi na kumpa asaini haina kazi. Ni lazima awe ameifikiria yeye.

Unaweza kuwa unajiuliza mtu kama wewe, usiye daktari, utaweza nini. Zimbabwe ina madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili. Mwaka 2006 mmoja wao, Dixon Chibanda, baada ya kumpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kufika hospitali, alianza kuwafundisha bibi wa kitongoji cha Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kupanga tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kilichowafaa watu wale ni kusikilizwa kwa utaratibu, na hicho unacho.

Na uendelee. Shirika la Afya Duniani liliwahi kufuatilia watu 1,867 waliojaribu kujiua katika nchi tano: Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, pamoja na huduma hiyo, walipewa saa moja ya maelezo, kisha wakatafutwa mara tisa ndani ya miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa, kuulizwa tu wanaendeleaje. Waliokufa kwa kujiua katika kundi lililotafutwa walikuwa asilimia 0.2, katika kundi jingine, asilimia 2.2. Kwa hiyo usimpigie kila siku kwa wiki mbili halafu ukapotea. Panga: kila siku mwanzoni, kisha kila baada ya siku mbili tatu, kisha kila wiki, mpaka mwaka uzunguke. Ujumbe mfupi unatosha: "Nimekukumbuka. Umekula nini leo? Si lazima ujibu." Hayo ya mwisho yana maana. Yanamwondolea deni jingine.

Na wewe, dada yangu, mtafute mtu wa kukusikiliza pia. Umelibeba hili peke yako, na zamu bila mapumziko humchosha mlinzi akaanza kumkasirikia anayemlinda. Ukifanya yote haya na bado mambo yakaenda vibaya, haitakuwa wewe uliyeyasababisha. Nayasema sasa kwa sababu wanaobaki huwa hawayasikii yanapohitajika.

Kama unayesoma hapa ndiye mwenye mawazo haya, usimalize usiku huu peke yako. Amka, nenda kwa jirani au kwa ndugu, sema tu, "Naogopa kukaa peke yangu leo," kisha mfuatane hadi hospitali iliyo karibu. Walio Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo, au 0722 178 177 ya Befrienders Kenya. Kwa watoto na vijana wadogo walio Tanzania ipo namba 116, bila malipo pia. Tanzania, kwa dharura yoyote, piga 112.

Kesho asubuhi panda basi la Kilosa. Kabla hujaondoka, mpigie yule rafiki aliyepewa koti, umwambie unachokihofia, na umwombe alale kwa mdogo wako usiku wa leo.